Njia ya Vichuguu

Ninyi vijana mtakaosoma haya, na hasa wewe uliyeniletea daftari ukaniambia, "Bibi, tuchoree njia nyepesi ya kutoka Lyulilo mpaka Ipinda, tunakwenda kwa miguu, mifuko mgongoni, na wengine wetu hawajawahi kutembea mbali," ngojeni kwanza. Mtu akinitajia njia nyepesi mimi humtazama mikono. Nyepesi kwa nani? Kwa anayepita, au kwa anayemsubiri mpitaji? Swali hilo nilikuwa nalo tangu nikiwa na umri wa mama zenu, Mdachi akiwa bado anatawala nchi hii. Limenisaidia mara nyingi. Mara moja liliniponza, na hiyo mara moja ndiyo nitakayoiandika. Mkishaisoma, nitawachorea.

Kuandika nilijifunza ukubwani, kwenye darasa la ubatizo, kiangazi cha kwanza na nusu ya cha pili. Kwa hiyo msinisahihishe herufi. Someni tu.

Mwaka ule mvua ilikuja ikakaa. Mpunga ulioza ukiwa umesimama majini, na kilichobaki kwetu kilikuwa ndizi na samaki, na samaki wenyewe hawakuwa na wa kuwavua, kwa sababu wanaume wengi wa ufukweni walikuwa wamechukuliwa na boma kubeba mizigo kwenda bara. Hatukuambiwa watarudi lini. Mume wangu aliachwa kwa sababu mguu wake mmoja ulipinda tangu utotoni. Askari aliutazama, akatema mate, akapita. Mume wangu alikuwa akisema huo ndio mguu wake mzuri.

Vyungu tulikuwa navyo. Sisi wanawake wa ufukweni tulikuwa tunafinyanga hata kukiwa na njaa, maana udongo hauozi. Na chungu kikifika Ipinda ni chakula: mnunuzi anakijaza mahindi mpaka mdomoni, mahindi unachukua wewe, chungu anabaki nacho yeye. Shida ilikuwa kuvifikisha. Wake waliozoea safari ile, wawili walikuwa na homa na mmoja alikuwa ametoka kujifungua. Nikabaki mimi na wasichana watano walioolewa juzijuzi, ambao mzigo wao mkubwa kabisa ulikuwa mtungi wa maji kutoka ziwani mpaka mlangoni.

Kati ya hao watano, mmoja alikuwa mke wa jirani yangu. Ni wa kutoka bondeni, Mnyakyusa, na mumewe naye alitoka huko, wakahamia kwetu ili mume avue. Mume alichukuliwa na boma wakiwa hawajamaliza hata kuezeka nyumba. Yule binti hakuwa na shamba kwetu, wala shangazi, wala mama mkwe wa kumpa kikapu cha ndizi. Nilimfundisha kufinyanga mwenyewe. Tenga moja la vyungu, vya kwanza vya mkono wake, ndilo lililokuwa tumaini lake lote. Likifika, angekula mpaka mume arudi. Lisipofika, angefunga mlango arudi kwa baba yake, na mume akirudi angekuta buibui. Hilo tulilijua sote, na yeye alilijua zaidi yetu, maana nilimwona akivigusa vyungu vyake kila asubuhi kama mtu anayegusa paji la uso la mtoto mgonjwa.

Basi nikaanza kupanga njia. Sikilizeni vizuri hapa, maana hapa ndipo mnapopahitaji ninyi.

Mtu mzoefu hupanga njia kwa siku. Mgeni wa mzigo hapangiwi kwa siku, anapangiwa kwa mahali pa kutua. Tenga la vyungu likikaa kichwani, hulitui peke yako. Ukiinama, vyungu vinagongana. Ukichuchumaa, magoti yanakataa, na kuinuka tena ni mpaka watu wawili wakutwike. Dawa yake ni kichuguu kinachofika kifuani. Unakisogelea, unaegemeza tenga juu yake, unatoka chini yake kama mtu anayetoka mlangoni. Ukitaka kuondoka, unaingia tena chini, unasimama, umeshajitwika. Kwa hiyo njia ya wageni ni njia ya vichuguu. Kikikosekana kichuguu, ukingo wa udongo. Vikikosekana vyote, hiyo si njia yao, hata iwe imefagiwa.

Nilichora mchangani mbele ya nyumba yangu, nikaweka kigae kila palipo na kichuguu. Siku ya kwanza niliifanya fupi makusudi, tulale karibu na mto Lufilyo kwa mama mmoja wa kanisani ninayemfahamu. Wageni wasimame siku ya kwanza wakiwa bado wana nguvu ya kucheka. Ukiwamaliza siku ya kwanza, siku ya pili unabeba wewe. Vyungu vikubwa nilivikataa, nikawapa vya kati na vidogo, vimefungwa kwa majani makavu ya migomba visigusane. Siku nne mfululizo niliwatembeza ufukweni na matenga yenye mchanga. Mkono mmoja juu, si miwili. Mnabadilishana mkono kwenye kila kichuguu. Macho mbele, miguu itajua yenyewe.

"Mama, na pua ikiwasha?" aliniuliza mmoja wao, yule mwenye mdomo, maana kila kundi lina wake.

"Iwashe."

"Na nzi akiingia sikioni?"

"Atatoka. Humo hamna cha kumkalisha."

Wenzake wakacheka mpaka matenga yakayumba. Mke wa jirani yangu hakucheka. Alikuwa anatazama vigae vyangu mchangani.

Njia zilikuwa tatu. Ya kwanza ni barabara pana iliyolimwa kwa amri ya boma, imenyooka, haina tope. Kila mtu aliisifu. Ndiyo maana sikuitaka. Barabara pana ilikuwa ndipo mtu wa boma anaposimama akihesabu vichwa vinavyopita, na siku zile hata wanawake walikuwa wameshikwa wakabebeshwa unga. Ya pili ni njia ya matete, kando ya ziwa, yenye mamba na isiyo na kichuguu hata kimoja. Ya tatu ni ya katikati, inapita mashambani na kwenye malisho, ina vichuguu mpaka vingine unaviruka, na inavuka kijito kimoja kabla ya Lufilyo. Jina la kijito hicho siliandiki. Mtajua kwa nini.

Niliweka kidole kwenye njia ya katikati. "Hii."

Mke wa jirani yangu akasema, "Hapo hapapitiki, mama."

"Kwa nini?"

"Kuna maji."

"Wapi?"

"Pale… pale ng'ombe wanapokunywa."

"Ng'ombe wanakunywa kila mahali. Taja jina."

Akaelekeza kwa mdomo, upande wa kijito. Nikamwambia tena ataje. Akasema, "Kile kinachopita." Nikamuuliza kama kuna kijito kisichopita. Mwenye mdomo akacheka, na yule binti akainamisha kichwa akaanza kufuta mchanga kwa kidole gumba cha mguu, akafuta na kigae changu kimoja.

Mimi nikakiweka pale tena. Nilishaanza kumtazama mikono.

Maana kulikuwa na jambo jingine. Siku mbili kabla ya hapo nilimwona nyuma ya nyumba yake akiongea na mwanamume nisiyemjua, amevaa kofia kuukuu ya kaki, ya aina ile ile ya askari. Waliongea kwa sauti ya chini. Yule mtu alipoondoka hakupita ufukweni kama wageni wote, alipita nyuma, kwenye migomba. Niliuliza, "Yule nani?" Binti akajibu, "Ni wa kwetu tu." Wa kwenu gani, na kofia ya boma kichwani? Sasa hapa anatutoa kwenye njia ya katikati. Akitutoa hapo anatupeleka wapi? Matete hatuwezi. Inabaki barabara pana. Nikaunganisha kofia na barabara, nikapata kamba nzima. Nilijiambia: huyu amepewa ahadi. Wanawake watano wa kubeba unga, na yeye mumewe arudishwe.

Wala sikumlaumu sana, mjue. Nilimwona kama mtu mwenye njaa anayeuza wenzake. Lakini sikumwamini tena hata kidogo.

Siku iliyofuata nilikwenda peke yangu kuikagua njia, mkono mtupu, alfajiri. Nilihesabu vichuguu mpaka kwenye kijito. Maji yalinifika kwenye vifundo vya miguu. Vifundo! Nikasimama katikati ya maji hayo na kusema kwa sauti, "Muongo."

Kumbe kulikuwa na mtu ananisikia. Upande wa pili alikuwepo mzee, anafunga ua wa ng'ombe uliokuwa bado mbichi, matawi yake bado yana majani. Kibanda chake nacho kilikuwa kipya. Kwamba kuna mtu amehamia pale msimu ule, mimi sikuwa na habari. Nikapiga goti nikamsalimu, "Mwagonile, tata."

"Ndaga, mama. Muongo ni nani?"

"Maji, tata. Niliambiwa ni mengi."

Akacheka kidogo. Kisha akaniuliza nilikotoka, nikamwambia ziwani, na kwamba tutapita na vyungu. Hapo akaacha kufunga ua.

"Mtapita wangapi?"

Nikajihadhari. "Wachache."

"Siku gani?"

Nikamtazama. Mtu wa kawaida huuliza vyungu vina ukubwa gani. Huyu anauliza idadi na siku, kama karani. Nikasema, "Kesho kutwa."

"Wote ni wa huko ufukweni? Hakuna aliyetoka huku kwetu?"

Anachagua, nikajisemea. Ameshaambiwa na mwenye kofia. "Wote wa ufukweni," nikasema.

Akarudia polepole, "Kesho kutwa," kama mtu anayeiweka siku mahali asije akaisahau. Akanishukuru. Nilirudi nyumbani nikijisifu njia nzima. Tungepita kesho yake asubuhi, na kesho kutwa mzee angesubiri mpaka achoke, yeye na askari wake.

Jioni niliwakusanya wasichana nikawaambia tunaondoka kukicha, kwa njia ya katikati. Mke wa jirani yangu akanifuata mpaka kwenye tanuri langu la vyungu. Akasimama mbali kidogo.

"Mama, pale penye maji, ulimkuta mtu?"

"Wewe umejuaje kama kuna mtu?"

Akatazama majivu ya tanuri.

"Nimekuuliza. Umejuaje?"

"Niliambiwa tu, mama."

"Na mwenye kofia?"

Akakubali kwa kichwa. Nilitamani kumkamata mkono nimtikise, lakini nikaona afadhali niujue mpango wao wote.

Akauliza, "Huyo mtu, umemwambia siku?"

"Nimemwambia."

Sikudanganya, mnaona? Nilimwambia siku. Na yule binti akashusha pumzi kama mtu aliyetuliwa mzigo. Akasema, "Basi hapapitiki pamepitika. Ndaga, mama." Akashukuru hivyo, akaenda kufunga kata yake ya kichwani ya majani ya migomba, na kwa mara ya kwanza wiki ile nilimsikia akiimba. Ule wimbo wake ndio ulionithibitishia kila kitu. Kwa nini mtu afurahi kwamba siku imejulikana, kama hakuna aliyetegwa?

Nikamwambia mume wangu. Akafikiri, akasema, "Kama ni mtego, wewe ndiye umeutega."

"Nimewakomoa."

"Sijasema hivyo."

Tuliondoka jua likichomoza nyuma ya milima ya Ukinga. Kumi na moja, ndivyo vichuguu vya kutua nilivyovihesabu mpaka kwenye kijito, na nakwambieni kazi ya wale wasichana ilinifurahisha. Kufika cha pili walikuwa wanagombana nani aanze kutua. Kufika cha tano walikuwa hawagombani tena, ila shingo zilikuwa zimenyooka na mkono uliokuwa juu ulikuwa ni mmoja. Mwenye mdomo alisema shingo yake imerudi ndani kama ya kobe na mumewe akirudi atatafuta mke mwingine wa kumvisha shanga. Nilimwambia shanga atavaa kiunoni. Wakacheka, na hakuna tenga lililoyumba. Nikajua tutafika.

Mke wa jirani yangu nilimweka nyuma kabisa. Nilitaka asiwe na mtu nyuma yake wa kumwashiria.

Pale kwenye kijito njia ni nyembamba. Upande mmoja matete, upande mwingine kichuguu kikubwa kuliko vyote, na katikati ni upana wa ng'ombe mmoja. Mimi ndiye niliyekuwa mbele. Nikamwona mzee yuko majini, mwenyewe, na ng'ombe wake wanne wanakunywa. Hakuna askari. Hakuna kofia. Mzee na ng'ombe. Alinitazama, kisha akatazama nyuma yangu, na uso wake ukabadilika.

Mwenye mdomo akamsalimu kwa sauti yake ile ya kuita mtumbwi, "Mwagonile, tata!"

Mzee akakohoa. Hakujibu, alikohoa tu.

Na nyuma kabisa nikasikia vyungu.

Sijui kama mmewahi kusikia tenga zima la vyungu likianguka. Sauti yake si ya kuvunjika, ni ya kukaukiwa, kama kuni kavu nyingi zinazokanyagwa kwa wakati mmoja. Nilipogeuka, njia ilikuwa tupu. Mke wa jirani yangu alikuwa amejitupa kwenye matete, uso chini, nguo kichwani, na tenga lake limepinduka kwenye ukingo. Nikageuka upande wa pili. Mzee naye amevuta nguo yake usoni, anakimbia nyuma ya kichuguu, anateleza, anashika mkia wa ng'ombe, na ng'ombe wengine wanamfuata wakidhani wameitwa.

Mwenye mdomo alianza kucheka, kisha akaacha. Yeye alielewa kabla yangu.

"Mama," akaninong'oneza, "huyo ni baba mkwe wake."

Hapo ndipo kamba yangu nzima ilipokatika vipande. Ninyi wa leo hamlijui jambo hili vizuri, kwa hiyo nitalisema wazi. Mke wa Kinyakyusa hamtazami baba wa mume wake, wala hakutani naye njiani, wala hali chakula mahali alipo. Akisikia sauti yake anajificha. Jina lake halitamki, wala neno lolote linalofanana na jina hilo. Anatafuta neno jingine la kulizunguka. Na baba mkwe naye anatakiwa ampishe. Nilikuwa nalijua hilo. Nani asiyelijua? Lakini nilidhani baba mkwe wa huyu anakaa mbali, juu, upande wa Masoko. Kwamba ameshuka na ng'ombe wake, nani aliniambia? Aliyekuja kumwambia binti ni yule mwenye kofia, ambaye ni mdogo wake mume, na kofia aliiokota. Na jina la kijito lilikuwa ni jina la mzee, herufi mbili tu za tofauti. Mimi ndiye niliyekaa mchangani nikimwambia, taja, taja.

Kwa nini hakusema tu, "Mama, pale anakaa mkwe wangu"? Kwa sababu yangu. Alikuwa kwenye darasa la ubatizo, na mwalimu wa darasa alisema mambo ya kukimbia wakwe yaachwe, na mimi, niliyekwisha kubatizwa, nilikaa benchi la mbele nikiitikia kwa kichwa kwa nguvu kuliko wote. Alijua nikisikia nitampeleka kwa mwalimu. Na ningempeleka.

Sauti ya mzee ikatoka nyuma ya kichuguu.

"Mama wa vyungu!"

"Naam, tata."

"Jana ulisema kesho kutwa."

"Nilisema, tata."

"Leo ndiyo kesho kutwa, huko kwenu ziwani?"

Wasichana wote wananitazama, shingo zimenyooka, hawawezi hata kuinama na matenga yale. Mzee akaendelea:

"Nilikuuliza siku ili nipeleke ng'ombe juu, niache njia. Nilikuuliza kama kuna wa kwetu. Ulinijibu nini?"

"Nilisema hakuna."

"Basi." Akakohoa tena. "Mwambie aliye kwenye matete asiinuke mpaka nimeondoka. Na umwambie sikumwona uso. Niliona vyungu tu. Mimi macho yangu yanaishia kwenye pembe za ng'ombe."

Tukamsikia anaondoka, anawapigia mluzi ng'ombe, anapiga kelele nyingi kuliko inavyohitajika, ili asikike yuko wapi. Mpaka leo nikimkumbuka mzee yule namkumbuka kwa kelele zile.

Niliegemeza tenga langu juu ya kichuguu, nikaingia kwenye matete. Binti alikuwa amekaa, goti limechubuka, anaokota vigae anavipanga mapajani, kama vinaweza kuungana. Chungu kimoja kilikuwa kizima, kidogo, cha mboga. Kimoja.

"Nilikuambia maji, mama," akasema.

"Hakukuwa na maji."

"Ningesema nini?"

Kule kujificha kwake kumetimia, mzee amesema hakumwona, kwa hiyo huko kwa wakwe hakuna neno. Lakini vyungu vyake vilikuwa vigae. Aliyevivunja ni nani? Si yeye. Si mzee. Nilitafuta mtu mwingine, maana ni tabia yangu, nikatazama mpaka kwa mwenye mdomo na salamu yake ya kelele. Hakuwepo mwingine.

Nikamwambia, "Inuka. Njoo usimame chini ya tenga langu."

"Ni vyako, mama."

"Ingia chini."

"Watoto wako watakula nini?"

"Nimekuuliza kuhusu watoto wangu? Mkono mmoja juu. Mmoja!"

Akaingia chini ya tenga langu, akasimama. Lilikuwa zito kuliko lake, maana mimi nilibeba vikubwa. Miguu ikamtetemeka kidogo, ikatulia. Nikampunguzia vikubwa viwili nikavibeba mikononi mpaka kwa yule mama wa Lufilyo, nikaviacha hapo kama shukrani ya malazi, na njia iliyobaki nilitembea na kile chungu kidogo cha mboga, chake. Hivyo ndivyo nilivyoingia Ipinda. Mwanamke mmoja anayenunua kwangu kila mwaka akaniangalia mikono, akasema, "Leo umeleta nini, mama vyungu?"

"Nimeleta wasichana," nikamjibu.

Vyungu vya wasichana wote vilijazwa. Vya mke wa jirani yangu, ambavyo ni vyangu, vilijazwa mpaka mdomoni na mahindi makavu mazuri, nilisimama hapo nikihakikisha, maana wanunuzi nao nawajua, huweka mkono ndani wakijaza. Kurudi tulirudi kwa njia ile ile. Tulipokaribia kijito nilimtuma mwenye mdomo atangulie akapige kelele kwamba tunapita sasa, si kesho, wala kesho kutwa. Tukakuta njia nyeupe, na kwenye kichuguu kikubwa mtu ameweka mkungu wa ndizi, hakusema ni wa nani. Binti hakuuliza. Nikautwaa mimi, nikambebea.

Mume wake alirudi baada ya mavuno, mwembamba, akamkuta nyumbani na moto unawaka. Hilo linatosha.

Siku ile niliporudi mimi, watu wa nyumbani kwangu walikuwa wametoka nje wote: mume wangu, mama yake, na watoto. Waliona wenzangu wanapita na vikapu vya mahindi. Waliona mikono yangu. Mume wangu akasema, "Mahindi yako yako nyuma?"

"Hakuna mahindi."

"Askari?"

"Hakuna askari."

Mama mkwe wangu akafungua mdomo. Nikawahi kabla hajasema, na nilichosema ndiyo sheria ya nyumba hii mpaka leo, ninyi mnayo, hata kama hamkujua ilitoka wapi:

"Sikilizeni. Mzigo hautoki hapa nyumbani kabla mke aliye mgeni kuliko wote hajaulizwa ni wapi asipopita. Akisema hapapitiki, hapapitiki. Akielekeza kwa mdomo, asiulizwe jina la mahali. Na mtu akiuliza siku ya safari, apewe siku ya kweli, au asipewe siku. Hayo mengine mtayajua baadaye. Sasa menyeni ndizi."